Maji ya Gurusa Kumi na Moja

Majuzi bomba lilipasuka chini ya sakafu ya jirani yangu hapa Kabiro, na kwa siku mbili nzima, kabla fundi hajaja kuivunja ile simiti, nilikuwa nikiingia kwake kwa visingizio. Mara nimekuja kuazima chumvi, mara nimekuja kuuliza kama kwao stima imerudi. Ukweli ni kwamba nilikuja kusikiliza. Chini ya miguu yetu maji yalikuwa yakienda gulu gulu gulu, yananyamaza, yanaanza tena, na mimi, mwanamke mwenye wajukuu wawili, nilisimama katikati ya sebule ya watu nikitabasamu peke yangu. Jirani alikuwa akiomboleza kapeti lake. Nilimwonea huruma, nisiseme uongo, lakini haikuwa huruma nyingi.

Mnisamehe. Mimi na sauti hiyo tunajuana tangu nikiwa na miaka tisa, na kila nikiisikia moyo hunidunda kama wa mtoto aliyeambiwa kesho ni Krismasi.

Nililelewa Kambi Muru, Kibera, katika chumba kimoja cha kupanga. Wazazi wangu walikuwa wametoka Kitui. Baba, fundi Mutua, alikuwa mjenzi wa mawe, na hata sakafu ya chumba chetu alikuwa ameimwaga yeye mwenyewe, laini hivi kwamba mama alikuwa akituonya tusikimbie na soksi. Ploti ilikuwa ya mwanamke mmoja wa Kinubi tuliyemwita Haboba. Hilo ndilo neno lao la kumwita nyanya. Jina lake hasa lilikuwa Kaltuma, lakini sikumbuki mtu aliyethubutu kulitumia. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti kubwa, na alitembea polepole akiwa amejifunga leso mbili, moja kiunoni na nyingine mabegani. Baba yake alikuwa askari wa wakoloni, mmoja wa wale waliotokea Sudan wakapewa kukaa Kibera wakati Kibera ilikuwa bado msitu.

Hadithi zote za Haboba zilianzia mahali pamoja. Ungemwuliza kuhusu harusi yake, angejibu, "Wakati huo mfereji ulikuwa unapita hapo." Ungemwuliza saa ngapi, karibu angekujibu vivyo hivyo. Kwa maelezo yake, baba yake na wenzake sita waliochoka na bunduki walichimba mfereji kutoka kijito cha huko juu, upande ambao leo ni mtaa wa Olympic, wakaushusha kwa kuufuata mteremko hadi kwenye mashamba yao ya mahindi na bamia. Waliutandika mawe chini na kando, na mahali pengine wakaufunika kwa mawe juu pia. Mbele ya nyumba yake, pale uani ambapo sisi watoto tulikuwa tukicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, ndipo ulipokuwa ukitokeza.

Na maji yaligawanywa kwa zamu. Hapo ndipo mimi nilikuwa nikisogeza kigoda karibu, kwa sababu zamu hizo hazikupimwa kwa saa. Zilipimwa kwa gurusa. Hiyo ni mikate yao myembamba, ambayo unga wake mwepesi humwagwa juu ya chuma cha moto na kutandazwa kwa mkono mmoja. Kila nyumba ilipewa maji ya gurusa ishirini. Mke alikaa na jiko lake kando ya mfereji akipika, na ya ishirini ikitoka kwenye chuma, lango linafungwa, maji yanakwenda kwa jirani.

"Lakini kukawa na matata," Haboba alikuwa akisema, akipunguza sauti kana kwamba wahusika wangali hai. "Mwanamke mvivu wa kupika, shamba lake ndilo lilipata maji mengi."

Basi wazee wakakaa, wakaamua apatikane mpishi mmoja wa kuwapimia wote, mtu ambaye mkono wake hauharakishi wala hauchelewi. Mpishi huyo alikuwa mama yake Haboba. Alipozeeka, chuma kile kikarithiwa na Haboba mwenyewe, akiwa msichana wa miaka kumi na minne. Alijivunia jambo hilo kuliko dhahabu aliyovaa mkononi.

Shida ni moja tu. Hakuna mtu aliyemwamini. Wale wenzake waliouona mfereji ukitembea walikuwa wamekwisha kufa mmoja mmoja. Kijito kilikuwa kimejaa takataka, mashamba yamegeuka vyumba vya kupangisha, na udongo umefunika kila kitu. Wapangaji walimsikiliza kwa adabu, maana ni mwenye ploti. Mwanawe mkubwa, Rajab, hakumsikiliza hata kwa adabu. Rajab alikuwa na duka la mbao, watoto watano na haraka nyingi. Alitaka kujenga vyumba vinne pale uani, kile kipande cha mwisho kilichobaki wazi, na Haboba alikuwa akimkatalia kila mwaka kwa maneno yale yale, kwamba hapo mfereji unapita.

"Mama, huu mfereji uko wapi?" nilimsikia akimwuliza siku moja. "Nionyeshe hata jiwe moja. Watoto wangu hawakuli hadithi. Mla ni mla leo, mla jana kala nini?"

Mwaka huo Rajab alichoka kuomba. Alinunua simiti, akaipanga katika chumba kitupu kilichopakana na chetu, kisha akapatana na fundi. Fundi mwenyewe alikuwa baba yangu. Sitasahau jioni ambayo Haboba aliniita nimsaidie kuchambua mchele, akaniambia, "Wakishajenga hapo, Mutheu, itakuwa imekwisha. Nikifa watasema Kaltuma alikuwa mwongo, na baba yake hakuchimba kitu." Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa. Nilichambua mchele ule mpaka ukabaki hauna hata pumba.

Ilikuwa Alhamisi, msimu wa mvua ndefu, nimetoka shule. Mvua ilikuwa imenyesha tangu saa sita. Mama alikuwa sokoni, nami nilikuwa nimelala kifudifudi sakafuni nikifanya hesabu za kugawanya, kwa sababu meza hatukuwa nayo. Hesabu zikanishinda. Nikaweka shavu kwenye simiti ili nijihurumie vizuri, na hapo ndipo nikasikia chini ya sikio langu, gulu gulu gulu.

Nilitoka mbio kwenye mvua bila viatu. Sijui nilimwambia Haboba nini. Nadhani nilikuwa nikipiga kelele tu na kumvuta leso. Alinifuata. Alipofika chumbani kwetu alisimama, akasikiliza, akasema hasikii, masikio yake ni ya kizee. Kisha yule mwanamke mkubwa akashika ukingo wa kitanda, akapiga goti moja, akapiga la pili, akajilaza sakafuni mzima mzima na kuweka sikio mahali nilipomwonyesha. Nami nikalala mbele yake, pua kwa pua. Nilimwona macho yakipanuka.

"Ndio wenyewe," alinong'ona. "Mutheu, ndio wenyewe."

Mama alirudi wakati huo huo. Alifungua mlango, akamkuta mwenye nyumba amelala chini amenyooka, machozi yanamtoka, na mtoto wake amelala kando. Kapu la mboga lilianguka. Alianza kumlilia marehemu kwa Kikamba, na ilitubidi wote wawili kumwapia kwamba hakuna aliyekufa.

Kufikia jioni chumba chetu kilikuwa kimejaa. Rajab aliitwa kutoka dukani, akainama akasikiliza kwa sekunde tatu.

"Hiyo ni panya," alisema.

"Panya wanaogelea?" Haboba akamwuliza.

Baba alichukua nyundo yake, akaigeuza, akagonga sakafu kwa mpini kutoka ukutani hadi ukutani, hatua kwa hatua, sikio limeinama. Palikuwa na sehemu ambayo sauti yake ilikuwa tofauti, nzito lakini tupu, nayo ilikata chumba kutoka nyuma hadi mbele kuelekea uani. Wote tulisikia. Hata Rajab alisikia, maana alianza kukasirika.

"Rajab, mimi siwezi weka msingi juu ya kitu sijui," baba alisema. "Nyumba itakaa kwa maji. Itapasuka mwaka wa kwanza, na watu watasema ni Mutua alijenga."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Nipatie siku kidogo tufukue."

Rajab alimtazama, akamtazama mama yake. Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hivyo. Alikuwa tu mtu aliyezaliwa baada ya maji kukauka. "Jumatatu," alisema. "Mkifika Jumatatu sijaona maji na macho yangu, unaanza kuchimba msingi, na hii maneno ya mfereji iishe. Mama, umesikia? Iishe."

Haboba alikubali. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa mwethya. Ukiwa na kazi iliyokushinda, unaita majirani, wanakuja na majembe yao, wanafanya bila malipo, nawe unawapa chakula. Kesho mwingine ataita nawe utaenda. Baba alituma habari. Ijumaa mimi nilikuwa nimeieneza shule nzima, pamoja na nyongeza zangu mwenyewe, kwamba chini ya kitanda chetu kuna mto wenye mamba. Jumamosi usiku sikulala hata kidogo. Na Jumapili, ibada ilipokwisha, walianza kuingia. Walikuja Wakamba wa Kambi Muru, na mjomba wangu aliyekuwa akiishi huku Kabiro alitembea kwa miguu na watu wanane nyuma yake, wanaume kwa wanawake, wengine wangali na nguo za kanisani, mabegani majembe, sururu na makarai. Upande wa pili wanawake wa Kinubi, jamaa za Haboba, walikuwa wamewasha majiko tangu asubuhi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijawahi kuona ploti yetu ikiwa na furaha namna ile, na mpaka leo sijui kama walikuja kwa ajili ya mfereji au kwa sababu ilikuwa raha kuchimba tena, watu waliokuwa wameliacha jembe nyumbani wakaja mjini kuwa mabawabu na wapishi majumbani mwa watu.

Kutoka kijitoni hadi nyuma ya chumba chetu palikuwa kama hatua mia mbili. Haboba alitembea mbele na fimbo akichora ardhini, anasimama, anafikiri, anarudi nyuma kidogo. Mahali pa tatu walipopiga sururu, chuma kililia. Baba aliruka ndani ya shimo, akafuta udongo kwa kiganja, kisha kwa shati lake la Jumapili, mama akitazama. Lilikuwa jiwe lililochongwa, na kando yake jingine, yamebanana hivi kwamba wembe haungepita kati yao. Baba alipitisha kidole kwenye alama za patasi.

"Huyu alikuwa fundi," alisema.

Haboba aliketi chini pale pale kwenye majani yaliyolowa. Nilidhani amechoka. Alimwomba baba arudie alivyosema, na baba akarudia.

Basi kazi ikashika moto. Waliimba, walibishana, walitaniana. Sisi watoto tulibeba udongo kwa makopo ya mafuta ya kimbo na kuokota kila kilichotoka: chupa za dawa, vijiko, kiatu kimoja cha jeshi ambacho nilikipigania na nikanyang'anywa. Mfereji ulikuwa ukizaliwa mbele ya macho yetu, ukipinda na mteremko kama ulivyotaka, na mimi nilikuwa nikikimbia juu chini, juu chini, kuhakikisha kwamba kila mtu anajua ni nani aliyeusikia wa kwanza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo wangelifanya Wakamba peke yao. Kwetu ni kukavu. Ukichimba mtaro shambani, udongo unautupa upande wa juu, wa mlimani. Ndiyo ile fanya juu ambayo kila mtoto wa Kitui na Machakos anaijua kabla hajajua kusoma. Kazi yake ni kuzuia udongo usiende na maji yasikimbie. Lakini mfereji wa kupitisha maji hutaka ukuta upande wa chini, maana huko ndiko maji yatakakopenda kutorokea. Hakuna aliyefikiria. Mikono ilikuwa imerudi nyumbani, ikafanya ilichofundishwa. Watu thelathini walitupa udongo juu, kwa bidii, kwa wimbo, kutoka kijitoni hadi nyumbani.

Haboba aliona. Alipopita saa nane alisimama akautazama ule mrundo, akasema taratibu, "Baba yangu aliweka huku chini."

"Haboba, usijali," mjomba akamjibu, jasho linamtiririka. "Hii kazi sisi tumezaliwa nayo."

Angesema nini? Watu wamekuja kumfanyia kazi ya bure siku yao ya mapumziko. Alishukuru, akaenda zake uani kukoleza jiko.

Mnamo saa kumi jioni mjomba aliondoa magunia ya udongo yaliyokuwa yameziba mdomo wa mfereji. Maji yaliingia. Yaliingia ya kahawia, yenye povu, yakisukuma mbele yake magunzi na kandambili, yakienda mwendo wa mtu anayetembea haraka, nasi watoto tukikimbia kando yake tukipiga mayowe. Yalifika nyuma ya chumba chetu yakaingia chini ya ukuta. Nilipitia mlangoni, nikayasikia yananguruma chini ya kitanda, nikatokea mbele uani, nikasimama pale ambapo baba alikuwa amefukua tundu la mawe.

Hakikutoka kitu.

Haboba alikuwa ameketi mbele ya jiko, chuma chake cha zamani kimewiva moto, bakuli la unga pajani. Rajab alikuwa amesimama kando ya ukuta, mikono nyuma. Kisha tundu likakohoa, likatema matope, likatema chura, halafu maji yakamwagika uani kwa Haboba, yakaufuata mkondo wa mawe ambao hakuna aliyekuwa ameuona kwa muda wa maisha ya mtu mzima.

Haboba hakulia wala hakupiga kigelegele. Alichota unga, akamwaga juu ya chuma, akautandaza kwa mkono mmoja. Alikuwa anapima. Wanawake wa Kinubi wakaelewa mara moja, mmoja akasema, "Moja." Ya pili tulisema na sisi watoto. Kufikia ya tano uwanja mzima ulikuwa ukihesabu pamoja, Wakamba na Wanubi, na nilimwona mama, aliyekuwa hapendi kelele, akihesabu kuliko wote. Mkono wa Haboba haukuharakisha wala haukuchelewa. Gurusa ya saba ilipotoka, Rajab alivua viatu, akaviweka kando vizuri, akakunja suruali, akaingia majini. Alisimama tu hapo ndani akiangalia miguu yake.

Ya kumi na moja ilikuwa bado iko juu ya chuma tuliposikia mayowe kutoka nyuma.

Maji yalikuwa yamepata mahali pa chini, yakaruka ukingo usio na ukuta, na sasa yalikuwa yanaingia vyumbani kwa watu. Kwetu yalifika kwenye godoro. Kwa jirani yalibeba ndoo na sufuria. Na chumba cha katikati, kile kitupu, kilikuwa na mifuko yote ya simiti ya Rajab. Mjomba alikimbia kurudisha magunia, wengine wakajaza udongo upande wa chini kwa mikono, lakini ilikuwa kazi bure. Kufikia asubuhi kila mfuko ulikuwa umekuwa jiwe lenye umbo la mfuko.

Aibu iliyowapata Wakamba siku hiyo haielezeki. Baba aliitwa Fanya Juu mpaka tulipohama, na hata baadaye. Lakini mimi moyoni nilikuwa nikisherehekea. Mfereji umeonekana, Rajab ameuona kwa macho yake, na simiti imekufa yenyewe. Tumeshinda. Nilimngojea Haboba amwambie mwanawe neno moja la kumnyamazisha maisha yake yote. Alikuwa na haki nalo.

Jumatatu hiyo, mchana, alimwita Rajab uani mbele ya baba, na mimi nilikuwa nikianika blanketi letu pale karibu. Alivua bangili moja ya dhahabu, ile pana, akamwekea mwanawe mkononi.

"Ya simiti," alisema. "Jenga."

Nilidhani sikusikia vizuri. Rajab pia alidhani hivyo. "Mama, nijenge hapa? Juu yake?"

"Jenga. Watoto wako watalala wapi? Lakini Mutua atauweka msingi juu ya matao ya mawe, na mfereji upite chini yake bila kuguswa." Baba aliitikia kwa kichwa. "Na kila mwaka kabla ya mvua, mdomo wa mfereji utausafisha wewe. Si kibarua. Wewe, kwa mkono wako."

"Sawa, Mama."

"Nimekwambia si kibarua."

"Nimesikia, Mama."

Ikawa ndiyo hivyo tu. Mimi nilikasirika. Nilimnunia Haboba siku nne. Aliniletea gurusa yenye sukari nikasema nimeshiba, na hilo lilikuwa jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya. Nilimwona msaliti. Nilimnunia na baba, aliyekuwa akipiga magoti tope hadi kiunoni, akipanga matao kwa subira ambayo hakuwahi kuwa nayo na mimi. Sikuwa na habari kwamba alikuwa akijenga kazi bora kuliko zote za maisha yake, mahali ambapo hakuna atakayeiona. Vyumba vinne vilisimama. Na kila mwaka mawingu yalipoanza kukusanyika, tulimwona Rajab, mtu wa duka, na karai na beleshi, ameingia mferejini akilalamika kwa sauti hadi kijito kinamsikia.

Haboba alifariki nikiwa kidato cha pili. Baadaye tulihamia huku Kabiro, baba akarudi Kitui kuzeekea huko, na mimi nikawa na maisha yangu.

Sasa kuna habari, na ndiyo iliyonifanya nianze kuandika haya yote. Kuna vijana Kibera wanaotaka kuufufua mfereji. Wamekwisha kusafisha kijito kwa sehemu, wanapanda matete ya kuchuja maji machafu, na wanataka kuyapitisha tena kwenye vitalu vya miche na bustani za sukumawiki. Walituma ujumbe kwenye kundi letu la simu la waliowahi kuishi Kambi Muru: yeyote anayekumbuka ulipokuwa unapita, aje Jumamosi. Nilifika mapema kuliko wote. Nilikuwa nimejiandaa. Shahidi nilikuwa ni mimi, na hadithi yangu nilikuwa nimeishikilia miaka yote hii.

Nilipofika, mtu alikuwa ameshaanza kuisimulia. Alikuwa Rajab, mzee sasa, ndevu nyeupe, beleshi mkononi badala ya mkongojo. Alikuwa anawatembeza vijana hatua kwa hatua. Hapa unapinda. Hapa kuna jiwe limelegea, msilikanyage. Hapa chini ya hivi vyumba iko wazi kabisa, hamna haja ya kubomoa nyumba ya mtu, ingizeni tochi muone matao. Wakaingiza tochi, wakaona, wakaanza kupiga kelele za furaha, nami nikapiga nao. Mfereji mzima ulikuwa hai. Hakuna hatua moja aliyokuwa ameiacha ifukiwe.

Kisha akasimama mbele yao, akapangusa uso.

"Watu wote hapa walimwita mama yangu mwongo," aliwaambia. "Wote. Ni mimi peke yangu nilimwamini."

Nilifungua mdomo. Nakiri kwamba nilifungua mdomo. Lakini mzee yule alikuwa anasema ukweli wake wote. Hakukuwa na uongo usoni mwake hata chembe. Miaka mingi ya karai na tope ilikuwa imemfikisha mahali ambapo hakumbuki kwamba aliwahi kukataa. Na hapo, nikiwa na mvi zangu, ndipo nilipoelewa kile ambacho mtoto wa miaka tisa mwenye blanketi lililolowa hangeweza kuelewa. Haboba hakutaka kumshinda mwanawe. Angemshinda siku ile, angepata maji yake, na siku ya kuzikwa kwake Rajab angefukia kila kitu na kujenga. Alimwachia uwanja ili amkabidhi mfereji. Kina mimi tulikuwa mashahidi, na mashahidi huhama.

Msichana mmoja wa kikundi, mwenye buti na daftari, alikuwa amenisogelea. "Mathe, wewe pia uliishi hapa, si ndio? Hii story ya huyu buda, ni ya ukweli? Alikuwa anamwamini?"

Nikamtazama Rajab, aliyekuwa tayari ameshuka mferejini akiwaonyesha vijana jinsi ya kushika beleshi.

"Ni ya ukweli," nikamwambia. "Andika hivyo hivyo anavyosema. Huo mfereji ni wake."